Mashine za maji zisomwe kumbukumbu yake isiyofutika kabla ya kupokelewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu wa jumuiya za maji vijijini, pamoja na wahandisi wanaoandika masharti ya zabuni. Ndani ya mashine za kuuzia maji kwa kadi, hizi zinazofungwa siku hizi kwenye vituo vya kuchotea, mna sehemu ndogo ya kumbukumbu inayoandikwa mara moja tu. Ikishaandikwa haifutiki kwa programu wala kwa kuzima umeme, na hakuna fundi wa kuirudisha. Yaliyoandikwa humo ndiyo yanayoamua mashine itamtii nani kwa maisha yake yote. Nasema tuisome kabla hatujasaini hati ya makabidhiano. Kuisoma ni kazi ya dakika chache, na bado sijaona kamati hata moja ikiifanya.

Mimi ni fundi wa vifaa vya elektroniki hapa Nkuhungu, Dodoma. Kiangazi kilichopita niliitwa kijiji kimoja upande wa Bahi. Kulikuwa na mashine mbili mpya kwenye nyumba ya pampu, zimeunganishwa kwa waya kwenye ruta moja yenye laini ya simu. Mama mwenyekiti alinipokea akiwa amechoka. “Mwanangu,” akaniambia, “hii ya kushoto ikiamka, ya kulia inalala. Na watu wamelipia.” Foleni ya ndoo ilikuwa imefika barabarani, na wengine walishaondoka kwenda kuchimba maji kwenye mchanga wa korongo, kama ilivyokuwa kabla mradi haujaja. Muuzaji alipopigiwa simu alijibu kwamba wasubiri toleo jipya la programu.

Ndani ya mashine zile kuna Linux, kama ilivyo kwenye vifaa vingi vya aina hii, na chipu yake ni ya jamii ya i.MX6. Muuzaji alikuwa ameikabidhi kamati nywila ya msimamizi wa mfumo, na kwa hilo namshukuru. Nilichomeka laptopu kwa waya wa seriali, nikaingia, nikaandika mstari huu:

hexdump -C /sys/bus/nvmem/devices/imx-ocotp0/nvmem

Hilo linaonekana kama faili la kawaida, lakini ukilitafuta kwenye diski hulipati. Kila kitu kilicho chini ya /sys hutengenezwa na kerneli, yaani kiini cha Linux, papo hapo, pale unapokiomba. Ukisema “nisomee”, kerneli inamwita draiva wa chipu (programu ndogo inayojua kuzungumza nayo), draiva anakwenda kwenye kumbukumbu yenyewe na kurudi na baiti zake. Utaratibu huu wa /sys ulikuja na Linux 2.6 mwaka 2003. Kwa kumbukumbu ndogo za namna hii, ule mlango wa pamoja unaoitwa nvmem uliingizwa mwaka 2015 na Srinivas Kandagatla akishirikiana na Maxime Ripard, maana kabla ya hapo kila draiva alikuwa na msimbo wake wa kufanya kazi ileile. Faida yake kwetu ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Fundi wa Dodoma hahitaji programu ya siri ya kiwanda ili ajue kilichomo. Amri zilezile za kusomea faili lolote zinamtosha.

Kwa chipu ile, anwani ya MAC ya waya wa mtandao, yaani namba inayoitambulisha mashine kwenye mtandao, hukaa kuanzia baiti ya 136. (Anayesoma mara ya kwanza ajue kwamba baiti huonekana zimepangwa kinyume, asije akadhani mashine imekosea.) Nilichokikuta pale ni sifuri tupu. Nikaingia mashine ya pili: sifuri tupu. Muuzaji hakuwa amechoma anwani yoyote. Badala yake alikuwa ameweka anwani moja ndani ya programu, na programu hiyohiyo akainakili kwenye kila mashine. Mashine mbili zenye anwani moja kwenye ruta moja lazima zinyang'anyane, na hakuna toleo jipya la programu linalonakiliwa vilevile ambalo lingemaliza ugomvi huo.

Hapa nieleze kidogo kuhusu chipu yenyewe. Kumbukumbu hii ni safu za fyuzi ndogo mno zilizo ndani ya silikoni, na kila fyuzi ni biti moja. Inatoka kiwandani ikiwa 0. Ikipitishiwa umeme wa kiasi maalumu inaungua na kuwa 1, na hairudi tena. Wafugaji wa huku watanielewa upesi nikisema ni kama alama ya sikio la ng'ombe: mkato unaweza kuuongeza, huwezi kuuziba. Wazo hili ni la zamani. Wen Tsing Chow alilibuni Marekani mwaka 1956 kwa ajili ya kompyuta ya makombora ya Atlas, ili namba za kulengea shabaha ziwekwe humo na zisiweze kubadilika. Leo fyuzi hizohizo zimo ndani ya simu zetu, ving'amuzi, na mashine za maji za Bahi.

Kwa wale wa Bahi sikuchoma chochote. Anwani za MAC zinazostahili kuchomwa hutoka kwa kampuni iliyogawiwa fungu lake na IEEE, taasisi ya kimataifa inayogawa namba hizo, na hiyo ni kazi ya muuzaji. Niliandika anwani za kienyeji, zile zenye biti maalumu katika baiti ya kwanza inayoonyesha kuwa hazikugawiwa na mtu, nikaziweka kwenye mipangilio ya kawaida inayoweza kufutwa, kila mashine na yake. Maji yakauzwa pande zote mbili siku hiyohiyo. Lakini kamati ilikuwa imeshapoteza mapato ya kiangazi, na mapato hayo ndiyo yanayonunua kifaa cha pampu kinapokufa.

Hilo la Bahi ni dogo ukililinganisha na nililolikuta baadaye upande wa Kongwa, na ndilo lililonifanya niandike barua hii. Mashine ilikuwa nzima, skrini inawaka, ila programu yake ilikuwa na kosa la tarehe na haikukubali kadi hata moja. Muuzaji alishafunga ofisi na simu haipokelewi. Nilidhani nitaweka programu nyingine tu, kama tunavyofanya kila siku. Nikasoma faili lile kwanza. Baiti za 96 hadi 127 zilikuwa zimechomwa, na katika baiti ya 24 ile biti ya kufunga ilikuwa imechomwa pia. Maana yake ni hii: baiti zile 32 ni hashi ya funguo za wazi za muuzaji, zile za kuhakikia saini yake, yaani namba fupi inayotokana na funguo hizo na haiwezi kutokana na nyingine. Na biti ile ya kufunga inaiamuru chipu ikatae programu yoyote ya kuwashia isiyosainiwa kwa ufunguo unaoendana nazo. Ufunguo wa kusainia umeondoka na muuzaji. Kijiji kimebaki na sanduku la chuma, sola yake na betri yake, na simjui mtu Tanzania nzima anayeweza kuliingizia programu nyingine.

Sipingi kufunga mashine. Mashine inayopokea fedha za wananchi ifungwe, la sivyo kijana mmoja mwenye laptopu atajigawia maji bure. Swali langu ni nani anabaki na ufunguo. Na uzuri wa kumbukumbu hii kusomeka kupitia faili ni kwamba swali hilo lina jibu linalopimika. Muuzaji akisema “ufunguo huu hapa, nawakabidhi”, tunahakikisha ufunguo huo unaendana na funguo za wazi alizotupa, tunapiga hashi ya funguo hizo za wazi, tunasoma baiti 32 za kwenye chipu, tunalinganisha mbele yake. Zikilingana, tumekabidhiwa mashine. Zisipolingana, asilipwe.

Basi naomba yafuatayo yaandikwe kwenye masharti ya zabuni, hasa sasa ambapo zabuni za umma zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, na masharti yakishawekwa humo yanaonekana na kila mwombaji. Muuzaji alete ramani ya kumbukumbu hiyo: baiti ipi ina nini, kipi amechoma, kipi ameacha. Anwani na namba ya mashine ziwe zimechomwa kiwandani, na biti za kuzuia nyongeza kwenye sehemu hizo zichomwe pia. Ufunguo wa kusainia programu ukabidhiwe kwa mnunuzi, utunzwe kwenye sefu ya wilaya, si kwenye simu ya mtu.

Sharti la mwisho linahitaji maelezo zaidi kwa sababu lina hatari. Kwa chipu nilizozitaja, faili lile la kusomea ndilo hilohilo la kuandikia. Mwenye mamlaka ya msimamizi akielekeza baiti nne ndani yake, draiva anatii na fyuzi zinaungua. Hakuna anayemuuliza mara mbili. Programu ya kuwashia mashine, U-Boot, angalau humwonya mtu na kumtaka athibitishe kabla ya kuchoma, na ina amri nyingine ya kujaribu thamani kwa muda mpaka mashine izimwe. Faili halina huruma hiyo. Kwa hiyo mashine zinazoletwa vijijini ziwe na maelezo ya vifaa yanayoitangaza kumbukumbu hii kuwa ya kusomwa tu. Ni neno moja, read-only, kwenye faili la maelezo ambalo kerneli hulisoma wakati wa kuwaka, na muuzaji halimgharimu chochote. Mlango wa kusoma ubaki wazi kwa mkaguzi, wa kuchoma ufungwe.

Kwa walimu wa vyuo vya ufundi vya hapa Dodoma, somo hili linafundishika bila kuharibu kitu. Raspberry Pi nyingi, zile kompyuta ndogo za bodi moja, ziko makabatini. Amri ya vcgencmd otp_dump huonyesha safu za kumbukumbu yake ya kuandikwa mara moja. Katika bodi hadi toleo la 4, safu ya 28 ina namba ya bodi, na safu za 36 hadi 43 zimeachwa kwa matumizi ya mnunuzi, biti 32 kila moja. Wanafunzi wasome, walinganishe bodi na bodi, wajue namba ya kifaa inatoka wapi. Vijana hao ndio watakaoitwa Manyoni na Mpwapwa mashine zikikwama, na kamati zitawasikiliza kuliko zinavyonisikiliza mimi niliyefika mashine zikiwa zimeshalipiwa.

Mashine ya Kongwa bado iko palepale. Kamati imerudi kuuza maji kwa daftari, na mzee wa kamati ananiuliza kila tukikutana kama iko njia. Kwa mashine ile sijaiona. Kwa zile ambazo fedha zake zitatoka kwenye bajeti inayoanza Julai, njia ipo, na wanaoziandikia masharti wako hapahapa mjini.

Wako,
Fundi wa vifaa vya elektroniki,
Nkuhungu, Dodoma