Risala ya Chama cha Wanafunzi wa Isimu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kumuaga Profesa Wetu wa Fonolojia (Elimu ya Sauti za Lugha)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Idara, walimu wetu, Profesa wetu na familia yako, wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Kwanza shikamoo, na asante sana kwa kuja mwenyewe. Mwaka juzi majukumu yalikubana dakika za mwisho ukatuma mwakilishi, tukampokea vizuri, akala, akaondoka na risala yetu kwenye bahasha ya kaki. Tunaamini ilikufikia.

Chama chetu kilianza na watu saba chini ya mwembe, sa hivi tunajaza daladala, na tumeshaandaa kongamano moja la kimataifa (alikuwepo mwenzetu kutoka Burundi).

Profesa tunayemuaga leo alianza kama mwalimu wa sekondari, akasoma mpaka shahada ya uzamivu kwa kufuatilia toni za Kisukuma, yaani sauti inavyopanda na kushuka kwenye maneno, akarudi kufundisha hapa hapa. Ndo katufundisha kwamba barabara ya lami na barabara ya "sawasawa" zinaachana kwa mkazo tu. Katufundisha pia sheria ya Dahl, ya matamshi katika baadhi ya lugha za Kibantu: k ikiona mbele yake kuna k nyingine inageuka g, ndo maana Wakikuyu wenyewe wanasema Gikuyu. Meinhof, mtaalamu Mjerumani wa lugha za Kibantu, aliipa sheria hiyo jina la mmisionari wa Unyamwezi mwaka 1903, na Profesa kila mwaka anatania: Dahl kapewa sheria, Wanyamwezi wamepewa mtihani.

Sasa Mheshimiwa, tuje kwenye chumba cha kurekodia.

Hatuna. Tunarekodi stoo, kati ya madawati mabovu, dirishani tumeziba na godoro la hosteli. Feni tunazima maana inanguruma, mzee aliyekuja kutusomea maneno ya Kisukuma akalowa jasho hadi kola, na bado kunguru wakaingia kwenye rekodi. Chukua kaa la moto na kaa wa baharini: kwa wazee wa pwani yule wa baharini k yake inatoka na mpumuo, pumzi ndogo tu, bodaboda ikipita imeshafunikwa. Programu ya kuchambulia sauti, Praat, ni ya bure na tunayo. Ila ukiipa kelele itakuchorea kelele.

Kubwa zaidi ni kaseti za Profesa. Maboksi matatu, amerekodi vijijini tangu ujana wake, juu kaandika kwa biki jina la kijiji na tarehe. Mwezi uliopita tulijaribu moja, ikajisokota ndani ya redio, tukairudisha kwa penseli taratibu, sauti ya bibi mmoja ikatoka sekunde kadhaa halafu ikakatika. Wengi waliomo humo hawapo tena duniani, hatuwezi kurudi kuwauliza.

Tuliahidiwa chumba hiki na mgeni rasmi mmoja, akaja mwingine akatuambia tuandike andiko, tukaandika, akaja wa tatu akasema andiko ni zuri. Wewe ni wa nne, Mheshimiwa, na hatuombi jengo. Tunaomba stoo ile ile iwekwe sponji ukutani na mlango mzito, rekoda moja, maiki mbili, na deki nzima ya kuhamishia kaseti kwenye kompyuta, Profesa akiwa bado ana nguvu za kutuambia nani anaongea.

Funguo ya stoo anayo katibu, amekaa mstari wa mbele, ni hatua chache kabla ya kufika kwenye chakula.

Tunaomba kuwasilisha.