Anayejiona 'feki' chuoni hatibiwi kwa sifa

Mhariri,

Wiki ya tatu au ya nne ya masomo, kwenye vimbweta vya vyuo vya Dodoma, hutaacha kumkuta mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye wazo asilolitamka: wenzangu wanajua, mimi nimepenya kwa bahati, iko siku nitaumbuka. Wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes wa Marekani waliieleza hali hii mwaka 1978. Si ugonjwa.

Ndugu hukimbilia kumsifu: "Wewe kichwa bwana!" Sifa hizo humwongezea mzigo tu. Mwenye hisia hii ama hukesha siku nne kwa zoezi la alama tano, ama huliahirisha mpaka usiku wa mwisho. Akifaulu, yule wa kwanza atasema ni kukesha, wa pili atasema ni zali. Akili yake haitajwi popote.

Dawa yake ni daftari. Kila Jumapili, dakika kumi, aandike alichopewa, alichofanya, kilichotokea. Aandike kitendo. "Nimesoma sana" haisaidii kitu. "Nimefanya maswali sita ya takwimu, la nne nimekwama kwenye fomula" inamwonyesha aanzie wapi Jumatatu. Wengi huharibu hapa: daftari linageuka orodha ya dhambi. Kila kosa lifuatwe na hatua moja, hata kama ni kumwona mhadhiri na swali lililokwisha kuandikwa.

Na asijihukumu kwa vipimo vya sekondari. Kidato cha sita A huanzia 80. Vyuo vyetu vingi huanzia 70, na 52 ni B. Wapo wanaoilia hiyo 52 kana kwamba wamedisko, yaani wameondolewa chuo kwa kufeli.

Kwenye diskasheni, kinachowafunga wengi mdomo ni Kiingereza, nao hudhani ni ujinga. Hoja aijenge kwa Kiswahili kwanza, kisha aiandike kwa Kiingereza sentensi mbili, azisome ndani ya dakika kumi za mwanzo. Akisubiri nusu saa, yeye atamwona kila anayezungumza kuwa bingwa.

Usingizi ukipotea wiki mbili, au akianza kukwepa mitihani, daftari halitoshi. Aende kwa mshauri wa wanafunzi. Mzaha wetu wa "utapelekwa Mirembe", hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma, ndio unaowafanya wengi waende wakiwa wamechelewa, mara nyingi sapu (mitihani ya marudio) zikiwa tayari mkononi.

Washauri wa wanafunzi,
Dodoma