Risala ya Wahitimu wa Madrasa kwa Mgeni Rasmi: Mitume katika Kazi, Mizani na Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mudiri wa madrasa, masheikh na maustadhi wetu, wazazi na walezi, ndugu zetu katika imani, Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, masahaba zake na kila anayefuata mwendo wao hadi Siku ya Malipo. Mheshimiwa mgeni rasmi, kwa niaba ya wahitimu wote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu pamoja na wingi wa majukumu yako, na tunaomba utuvumilie kwa kitambo tukueleze tulichokichuma katika somo la visa vya Mitume, somo ambalo walimu wetu walituchagulia tulizungumzie mbele yako.

Qur'ani inawataja kwa majina Mitume na Manabii 25, na yenyewe inatujulisha kwamba wapo wengine ambao habari zao hatukusimuliwa. Sababu ya kusimuliwa hao waliosimuliwa haikufichwa: Surat Hud, aya ya 120, inasema kuwa habari zao zimeletwa ili kuuthibitisha moyo wa Mtume (S.A.W.), na Surat Yusuf, yenye aya 111, inahitimishwa kwa kauli kwamba katika visa vyao mna mazingatio kwa wenye akili. Sisi tulipoanza, kama walivyo watoto wote, tulivutwa na fimbo iliyogeuka nyoka, na samaki aliyemmeza Nabii Yunus (A.S.), na moto ulioamrishwa uwe baridi na salama kwa Nabii Ibrahim (A.S.). Miujiza hiyo ni haki na tunaiamini, ila muujiza hauigiki. Kinachoigika ni mwenendo wa Mitume walipokuwa kazini, sokoni, na mbele ya watu waliowaamini kwa mali zao, na huko ndiko walimu wetu walikotuelekeza tutazame, tukagundua kwamba Qur'ani imelizungumza jambo hilo kwa urefu kuliko tulivyodhani.

Kisa kilichotukalisha muda mrefu kuliko vyote ni cha Nabii Shu'ayb (A.S.) na watu wa Madyan. Nabii huyu alitumwa na mambo mawili yaliyokwenda sambamba: kuwaita watu wake wamwabudu Mwenyezi Mungu peke yake, na kuwakataza kupunja vipimo na mizani. Hakusubiri kwanza imani ikae sawa ndipo aje kwenye biashara, bali aliyatamka yote mawili katika wito mmoja. Jawabu walilompa, lililomo katika aya ya 87 ya Surat Hud, tunaliona kuwa ni miongoni mwa maneno mazito mno ya makafiri yaliyohifadhiwa katika Qur'ani. Walimuuliza kwa kejeli: Ewe Shu'ayb, je, sala zako ndizo zinazokuamrisha tuyaache waliyoyaabudu baba zetu, au tuache kufanya tutakavyo katika mali zetu?

Mheshimiwa mgeni rasmi, watu hao walikuwa wameelewa vizuri sana walichokuwa wakiambiwa. Walifahamu kwamba sala ya Nabii Shu'ayb (A.S.) ina mkono mrefu unaofika hadi kwenye kipimo cha muuzaji, na hilo ndilo walilolichukia. Wangekuwa tayari, pengine, kumwacha asali apendavyo, almuradi sala yake isivuke kizingiti cha duka. Nasi tunajiuliza, bila kumnyooshea mtu kidole, ni wangapi miongoni mwetu leo tunaowakemea watu wa Madyan kwa midomo ilhali tunaishi kwa fatwa yao, tukiamini kwamba msikiti una wakati wake na biashara ina mambo yake. Nabii Shu'ayb (A.S.) aliwajibu kwamba hataki kuwakhalifu akayafanya yale anayowakataza, na kwamba hataki ila kutengeneza kadiri awezavyo. Katika maneno hayo mna sharti kwa kila anayewaza kuhubiri: mizani ya mhubiri ndiyo inayotazamwa kwanza.

Mtume wetu (S.A.W.) aliendelea na kazi hiyo hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), Mtume alipita penye rundo la nafaka lililowekwa kwa ajili ya kuuzwa, akaingiza mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta umajimaji. Akamuuliza mwenye bidhaa ni kitu gani kile, naye akajibu kuwa ilinyeshewa mvua. Mtume akamwambia: Mbona hukuiweka juu ili watu waione? Mwenye kughushi si katika mimi. Tunaomba izingatiwe kwamba mtu yule hakuulizwa kwa nini nafaka yake imelowa, kwani mvua haina mwenyewe, na bidhaa yenye ila haikuharamishwa kuuzwa. Aliulizwa kwa nini ameificha ila hiyo chini, akaweka juu kilicho kikavu. Leo biashara nyingi hufanyika kwa picha ya simu kati ya watu wasioonana, na mnunuzi hana rundo la kuingizia mkono. Anachokuwa nacho ni picha iliyopigwa upande ulio mzuri na maneno ya muuzaji. Kwa hiyo hadithi hii inatuhusu sisi zaidi hata kuliko waliokuwapo siku ile, kwa sababu kulowesha chini na kukausha juu kumekuwa kwepesi mno.

Tulijifunza pia kwamba Mitume walikuwa watu wa kazi, na hawakuona haya kufanya kazi hizo. Nabii Zakariya (A.S.) alikuwa seremala. Nabii Dawud (A.S.), pamoja na ufalme wake, alikuwa akila kutokana na kazi ya mikono yake. Mtume Muhammad (S.A.W.) alisema kwamba Mwenyezi Mungu hakutuma Nabii yeyote ila alichunga kondoo, na alipoulizwa kama na yeye pia, alikiri kuwa alikuwa akiwachungia watu wa Makkah kwa ujira mdogo. Jambo lililotushangaza zaidi ni aya ya 11 ya Surat Saba, ambamo Mwenyezi Mungu, baada ya kumlainishia Nabii Dawud (A.S.) chuma, anamwagiza atengeneze nguo pana za vita na apime sawasawa katika kuunganisha pete zake. Ni agizo la fundi! Pete ikilegea, mkuki unapita. Ikibana mno, mvaaji hawezi kugeuka, na anayeumia si fundi bali ni askari aliyemwamini. Baada ya agizo hilo aya inaendelea: na tendeni mema, hakika Mimi nayaona mnayoyatenda. Tangu tuisome aya hii, baadhi yetu tunaosomea ufundi tumeona kwamba kazi ya kulipua, yaani inayofanywa haraka bila umakini, haiwezi tena kuitwa kosa dogo la kidunia.

Mizani haikuishia kwenye nafaka na chuma. Ipo pia mizani ya habari. Nabii Sulayman (A.S.) alipowakagua ndege akamkosa hudihudi, ndege huyo alirudi na habari kubwa kutoka nchi ya Saba, habari ya malkia mwenye kiti kitukufu na watu wake wanaolisujudia jua. Nabii Sulayman (A.S.) alikuwa na jeshi na uwezo ambao haukupewa mwingine, lakini neno lake la kwanza lilikuwa: Tutatazama umesema kweli au wewe ni miongoni mwa waongo. Kisha akatuma barua. Habari ilikuwa ya kweli, aliyeileta alikuwa ndani ya jeshi lake mwenyewe, na bado ilipimwa kabla ya kufanyiwa kazi. Tukilinganisha na jinsi ujumbe unavyorushwa kutoka kundi hadi kundi kwenye simu, wakati mwingine ukiwa na jina la Mtume (S.A.W.) juu yake na hadithi asiyoitamka kamwe, tunaona tulivyo mbali na adabu hiyo. Na kumsingizia Mtume (S.A.W.) neno ni dhambi iliyowekewa onyo kali la moto, hata kama msambazaji alidhani anatafuta thawabu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kabla ya kuitwa Mtume, bwana wetu Muhammad (S.A.W.) aliitwa Al-Amin, yaani mwaminifu, na waliompa jina hilo ni watu ambao wengi wao baadaye walimkanusha. Alipokuwa na umri wa miaka 35, Makureshi walipoijenga upya Al-Kaaba waligombana juu ya nani aliweke Jiwe Jeusi mahali pake, hata wakakaribia kumwaga damu. Wakakubaliana ahukumu wa kwanza atakayeingia mlangoni, na alipotokea yeye walifurahi wakisema huyu ni mwaminifu, tumemridhia. Akatandika nguo, akaliweka jiwe katikati, akaviambia vikundi vishike pembe na kulinyanyua pamoja, kisha akalisimamisha mahali pake kwa mkono wake. Uaminifu huo haukukoma uadui ulipoanza. Vitabu vya sira, yaani vya maisha ya Mtume (S.A.W.), vinasimulia kwamba usiku wa Hijra, alipohama Makkah kwenda Madina mwaka 622, wakati nyumba yake imezungukwa na waliopanga kumuua, ndani yake mlikuwa na amana za watu wa Makkah, na alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) nyuma ili azirudishe kwa wenyewe. Alikuwa na kila kisingizio ambacho mtu wa leo angekitumia: ameteswa, amefukuzwa, mali za wafuasi wake zimezuiwa. Hakukitumia hata kimoja.

Hapo ndipo panapotuuma sisi vijana kuhusu madeni. Mtume (S.A.W.) alifariki hali deraya yake, yaani vazi lake la chuma la vita, imewekwa rehani kwa Myahudi kwa ajili ya pishi thelathini za shayiri, jambo linaloonyesha kuwa kukopa si aibu, kwamba aliyekopa aliweka dhamana, na kwamba haki ya mtu wa dini nyingine ni haki kamili. Lakini aliwahi kuletewa jeneza la mtu aliyekuwa na deni ambalo hakuacha cha kulilipia, akawaambia masahaba wamsalie wao, hadi Abu Qatada (R.A.) alipojitolea kulibeba deni lile. Siku hizi mkopo hupatikana kwa kubonyeza kitufe mtu akiwa amelala kitandani, na urahisi huo wa kuchukua umetusahaulisha uzito wa kulipa.

Kuhusu wale wanaoshika mali ya umma, tutasema machache kwa kuwa kisa kinajieleza. Nabii Yusuf (A.S.) alipoitwa na mfalme atoke gerezani alikataa kutoka kabla ya tuhuma zake kuchunguzwa, na alipotoka akaomba asimamie hazina za nchi kwa sifa mbili, kwamba yeye ni mlinzi na ni mjuzi. Ujuzi wake umeonekana katika maelezo ya kitaalamu aliyoyatoa hali angali mfungwa: mlime miaka saba mfululizo, na mtakachovuna mkiache katika mashuke yake isipokuwa kidogo mtakachokula. Sifa mojawapo peke yake isingewavusha watu katika njaa ile, kwa kuwa mwaminifu asiyejua angeipukutisha nafaka ikaharibika, na mjuzi asiye mwaminifu angeiuza.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunayo maombi matatu. La kwanza ni kwamba mafunzo ya muamala, yaani kununua, kuuza, kukopa, kuajiri na kutunza amana, yapewe vipindi vya kutosha katika madrasa, kwa kuwa wengi wetu tunahitimu tukizijua nguzo za udhu kwa ufasaha huku hatujui masharti ya mkataba. La pili ni vitabu vya tafsiri na sira kwa lugha tunayoielewa, ili visa hivi tuvisome kutoka katika vyanzo vinavyoaminika.

La tatu tunalielekeza kwako na kwa wafanyabiashara na mafundi wote mliohudhuria. Nabii Musa (A.S.) alifika Madyan akiwa mkimbizi asiye na chochote. Akawakuta wasichana wawili wanawazuia wanyama wao mbali na kisima, akawanyweshea bila kuombwa ujira, kisha akaenda kivulini akasema: Mola wangu, hakika mimi ni mhitaji wa kheri yoyote utakayoniteremshia. Mmoja wa wasichana wale alimwambia baba yake, mzee ambaye Qur'ani haikumtaja jina ingawa wengi humwita Shu'ayb, kwamba mbora wa kumwajiri ni mwenye nguvu, mwaminifu. Mzee akamwekea masharti ya wazi: atamwoza mmoja wa binti zake kwa kumtumikia miaka minane, na akikamilisha kumi ni kwa hiari yake, akaongeza, wala sitaki kukutaabisha. Imepokewa kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Musa alitimiza muda ulio mrefu zaidi.

Sisi tunaohitimu leo tunatafuta kisima cha kufanyia kazi. Tunawaomba mtupokee katika karakana, maduka na ofisi zenu, mtuandikie muda, kazi na malipo kwa uwazi kama alivyofanya mzee yule, na mtutazame katika mambo mawili yale aliyoyaona binti yake. Tukipungukiwa na nguvu mtufundishe, na tukipungukiwa na uaminifu mtuondoe.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ni sisi wahitimu wa madrasa.