Sauti haiibwi: kwa mwandishi wa safu ya filamu

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wa safu yako ya filamu. Wiki iliyopita aliwashauri vijana wanaotaka kutengeneza filamu za hali halisi kuhusu mikusanyiko midogo ya muziki, ile ya waalikwa wachache wanaokutana nje jioni kwa mtu, waende na kamera ndogo, wapige kwanza, ruhusa wataiomba baadaye. Hoja yake ni kwamba ukiomba mapema watu watajikunyata na uhalisia utapotea. Ameiandika kwa lugha tamu, na sina shaka imesomwa na wengi. Mimi ni mrekodi sauti. Kazi yangu ni kuvaa hedifoni na kusimama nyuma ya mpiga picha, nikimvuta shati kila anapotaka kukanyaga waya wangu. Nikiwa pale nyuma naona ushauri ule ni mbaya, na ubaya wake hauishii kwenye adabu.

Picha unaweza kuiiba. Lenzi ndefu ikitegwa pembeni itakuletea uso wa mwimbaji hadi jasho la kwenye nyusi, naye asijue. Sauti haina kitu cha namna hiyo. Zipo maiki nyembamba za kuelekeza, lakini hizo hupunguza kelele za pembeni tu, hazimsogezi mtu karibu. Simama mita 30 kutoka kwa mpiga gitaa uone utakachopata: gitaa lipo, ndiyo, pamoja na upepo, kikohozi, viti vinavyoburutwa na jenereta, vyote vikigombania nafasi ileile. Tena gitaa lenyewe litakuwa limechelewa. Sauti hutembea takriban mita 340 kwa sekunde. Kwa filamu ya fremu 25 kwa sekunde, yaani picha 25 zinazofuatana, katika muda wa fremu moja sauti inakuwa imekwenda mita 13 na ushee. Maana yake ukiwa mita 30, kidole kimegusa uzi na mlio unakufikia fremu mbili baadaye. Mtazamaji hatakwambia kasoro iko wapi, ila atahisi kwamba muziki na mikono haviendi pamoja.

Kuna watakaosema, chomeka waya kwenye mikisa, ule mtambo wa kuchanganya sauti, mambo yaishe. Kwenye tamasha kubwa, sawa, kila chombo kina maiki yake. Kwenye kikao cha watu thelathini mikisa hubeba kile tu kinachohitaji kuongezewa nguvu: sauti ya mwimbaji, labda na kinanda. Ngoma inajitosheleza, hakuna aliyeiwekea maiki. Ukirekodi mikisa peke yake utarudi na mwimbaji anayesikika kana kwamba kafungiwa kabatini, ngoma ikimfikia kwa mbali kupitia maiki yake mwenyewe. Waalikwa wanapoitikia, hawamo. Na kwenye mikusanyiko ya namna hii kiitikio ndicho watu walichokifuata.

Kwa hiyo nahitaji waya kutoka kwenye mikisa, nahitaji maiki karibu na ngoma, na nyingine mbili zikiwaelekea waalikwa, zote zimevishwa manyoya ya kuzuia upepo. Hapo kila kitu kina mwenyewe. Fundi wa mikisa anipe tundu moja. Mwenyeji akubali jenereta ihamishiwe nyuma ya nyumba, upande ambao upepo unaelekea, kwa sababu mngurumo wake ni mzito, umekaa kulekule lilikokaa gitaa la besi, na huwezi kuukata baadaye bila kuikata na besi. Mambo haya hayafanyiki kwa kujificha. Hufanyika kabla ya waalikwa kufika, jua likiwa bado juu, huku wanamuziki wakifungua mifuko ya vyombo na kuuliza wewe ni nani.

Nimkumbuke mpiga ngoma mmoja, mtu mzima, aliyekataa katakata stendi yangu isiwekwe mbele yake. Sikubishana naye. Nilimvisha hedifoni nikamwomba apige. Akapiga kidogo, akanyamaza, akapiga tena kichwa kakiinamisha upande. Kisha akaishika stendi yeye mwenyewe, akaishusha kama kiganja kimoja na kuisogeza kushoto. "Ilikuwa inausikia mkono mmoja tu," akasema. Alikuwa sahihi kabisa. Kuanzia pale, kila wimbo ulipoisha alinitupia jicho nami nikamjibu kwa kichwa. Mwandishi wa safu anaita hali hiyo kuharibu uhalisia. Mimi naona pale ndipo filamu ilipoanza kuwa na masikio.

Kuhusu kujikunyata, ni kweli watu hukakamaa wimbo wa kwanza, pengine na wa pili. Halafu husahau, mradi kamera ikae mahali pamoja na mpiga picha asizunguke wimbo ukiendelea. Taa nyekundu ya kamera ibandikiwe utepe mweusi. Usilete taa zako; bora picha yenye chembechembe kuliko kikao kilichomulikwa hadi watu wakaonekana wanahojiwa. Kinachowakaza watu moja kwa moja ni kugundua katikati ya usiku kwamba mtu aliyekaa kwenye kona na simu amekuwa akiwarekodi tangu jioni. Nimewahi kuwepo jambo hilo lilipotokea, mrekodi akiwa mgeni wa mgeni. Hakuna aliyegombana. Wanamuziki walimaliza wimbo, wakakaa, wakaanza kupiga soga, na muziki haukurudi.

Tatizo jingine ni nani mwenye haki ya kukubali. Vijana wengi wakishampata mwenyeji hudhani wamemaliza. Mwenyeji anaweza kuruhusu kamera iingie kwake, lakini hawezi kukubali kwa niaba ya mgeni wake. Anayekwenda uwanjani kwenye tamasha la tiketi anajua kamera zitakuwepo. Huyu wa kikao kidogo amekuja kwa sababu rafiki alimwita kwa jina. Pengine kazini aliaga kwamba anaumwa (wapo, tusijidanganye). Pengine ameachana na mtu ambaye hataki ajue anakaa na nani siku hizi. Watoto nao huimba mstari wa mbele, na mzazi wa mtoto unayemwona siye lazima aliyekuja naye. Njia ninayoipenda ni ya kizamani: mwenyeji awaambie katika mwaliko wenyewe kwamba watarekodi, halafu pale uwanjani pawe na upande mmoja ambao kamera haiuangalii kabisa. Asiyetaka anakaa huko, haulizwi sababu. Mpiga picha atalalamika kwamba ule upande ndio wenye mti mzuri. Alalamike.

Droni sitaisema sana. Inanguruma juu ya muziki na inawaonyesha watu wasiohusika njia ya kufika pale. Kama filamu ni ya mkusanyiko wa faragha, mahali pake pabaki faragha, na hilo linahusu pia taarifa za mahali ambazo simu na kamera huziandika ndani ya faili bila kukuuliza.

Tuje kwenye muziki wenyewe, ambao safu ile haikuugusa kabisa. Wimbo una mtunzi, na una anayeuimba usiku ule. Mara nyingi ni watu wawili tofauti. Mwimbaji anaweza kukukubalia kwa moyo mweupe ukaitumie sauti yake, lakini wimbo alioimba ni wa mtu mwingine ambaye hajasikia habari zako. Filamu ikishawekwa mtandaoni, mitambo ya kutambua nyimbo inaweza kuinyamazisha, nawe ukabaki na watu wanaofumbua midomo. Kwa upande wa mwimbaji, Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 unampa nafasi ya kuzuia onyesho lake lisirekodiwe bila ridhaa yake, hata kama nyimbo si zake. Halafu mkataba huohuo unasema akishakubali onyesho lake liingizwe kwenye picha, kinga ile inakoma hapo. Ndiyo maana siwaamini wanaomletea mwimbaji karatasi saa nne usiku ametoka kuimba, anahema na kucheka, wakamwambia aweke sahihi hapa chini. Aisome mchana, siku moja kabla.

Wanaodhani haya ni mambo ya wadogo wasio na mawakili wautazame mkasa wa mwimbaji wa Marekani, Aretha Franklin. Januari 1972 aliimba usiku mbili kanisani Los Angeles, na mwongozaji Sydney Pollack akapiga filamu. Ilikuwa ndani ya jengo, si nje, lakini mafunzo ni yaleyale. Kikosi chake hakikutumia ubao wa kupiga kofi mwanzoni mwa kila kipande, ule unaomsaidia mhariri kuunganisha picha na sauti. Santuri ilitoka mwaka uleule ikavuma. Picha zikabaki ghalani kwa sababu hakuna aliyeweza kuzioanisha na sauti. Miongo ilipita, kompyuta zikawezesha, na hapo ndipo lilipokuja la pili: Franklin mwenyewe alikwenda mahakamani kuzuia isionyeshwe. Filamu hiyo, Amazing Grace, ilionyeshwa mwishoni mwa 2018, miezi michache baada ya kifo chake. Mimi niliiona na ni nzuri mno. Bado nikiitazama najiuliza kama angetaka niwe pale.

Kofi moja mbele ya kamera lingeokoa miaka mingi. Nawaambia vijana kila mara: hata kama huna ubao, piga makofi kwa mikono mbele ya lenzi, maiki zote zikisikia. Kisha kinasa sauti kisizimwe mpaka watu waondoke, kwa sababu mhariri atahitaji kile kinachotokea kati ya nyimbo kuliko anavyofikiri sasa. Na mkishafika tu, au wakishaondoka wote, rekodi dakika nzima ya mahali penyewe pasipo na mtu anayesema.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningetamani safu ile ingelisema. Filamu ikishahaririwa, kabla hujaipeleka popote, irudishe kwa waliokuwepo. Wazo si langu. Mtengeneza filamu Mfaransa, Jean Rouch, katika miaka ya 1950, alirudi kijijini Ayorou, Niger, na filamu aliyowapiga Wasorko wakiwinda viboko mtoni. Kwenye sehemu ya windo alikuwa ameweka muziki wa wawindaji akidhani unanogesha. Wenyewe walimwambia autoe: windoni watu hunyamaza, kwa muziki ule kiboko angesikia akakimbia. Akautoa. Wataalamu wa chuo wangeweza kuitazama filamu ile mara kumi wasione kosa, kwa kuwa hakuna kati yao aliyewahi kumvizia kiboko.

Nimekaa kwenye maonyesho ya kurudisha filamu, na wanachoomba watu si kile watengenezaji wanachokiogopa. Huwa tunatetemeka kwamba kila mtu atataka uso wake utolewe. Mara nyingi nyuso wanaziacha. Mama mmoja aliomba itolewe sentensi aliyoisema kati ya nyimbo mbili kuhusu dada yake. Hakuna mgeni ambaye angejua ni nzito. Wanamuziki waliomba kirudishwe kipande tulichokikata, kile ambacho nyuzi za gitaa zinalinganishwa kwa muda mrefu na mpiga ngoma anatania, kwa sababu walituambia usiku ule ulianzia pale. Tulikirudisha. Filamu ikawa ndefu kidogo, na mhariri wetu alinuna siku nzima, lakini hata yeye anakubali sasa kwamba wimbo unaofuata unaingia vizuri zaidi.

Nakubali kuna filamu ambazo kuomba ruhusa kwanza ni kuziua. Anayefichua wizi au mateso hapaswi kubisha hodi kwa mwizi, na waandishi wa namna hiyo nawaheshimu. Lakini watu wanaopiga gitaa kwa marafiki zao hawana wanachomficha umma. Kumwazimia kijana mbinu za upelelezi aende nazo pale ni kumfundisha kuwaona wenyeji wake kama washukiwa. Nakubali pia kwamba kuna vitu vitapotea. Kuna mwimbaji atakayesema hapana, naye ndiye bora wa usiku ule, nawe utazima maiki yake na kukaa kumsikiliza kama wengine.

Basi swali langu kwa mwandishi wa safu ni hili. Kijana amefuata ushauri wake. Amepiga kwanza, amerudi nyumbani, kadi ya kamera imejaa. Siku mbili baadaye anampigia simu yule mwimbaji, na mwimbaji anakataa. Afanye nini na kadi ile, na amjibu vipi mwenyeji aliyemfungulia lango? Naomba safu ijayo iwe ya kumjibu kijana huyo.

Msomaji wako,
Mrekodi sauti wa filamu za hali halisi