Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mwaliko wa Siku ya Utafiti

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Kuhusu ada, waliolipa nawashukuru, na wanaodaiwa wanajijua. Mimi nitazungumzia Siku ya Utafiti ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maana ndiyo iliyotutoa jasho mwaka huu.

Tulianza kwa kuboronga mwaliko kwenu wahitimu. Barua ya kwanza niliiandika mwenyewe. Nilieleza wanafunzi wa sheria walioanza mwaka 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, nikapanda nao kilimani 1964, nikafika 1970 chuo kilipokuwa Chuo Kikuu kamili. Yakafuata majina ya wageni rasmi, kisha ombi la mchango. Mada za watafiti wenyewe nilizitupa kwenye kiambatisho. Jibu lililorudi lilikuwa moja: “Mwenyekiti, hii ni harambee au kongamano?”

Katibu akaiweka barua yangu kando. Akamtaka kila mwanafunzi aandike mistari mitatu kwa Kiswahili cha kawaida: nachunguza nini, wapi, na nimekwama wapi. Kazi haikuwa nyepesi kwa watu wanaoandika tasnifu kwa Kiingereza. Binti mmoja alikiri kwamba hajawahi kumweleza hata mama yake anachosomea. Mistari ilipopatikana tuliigawa kulingana na kazi za watu: ya maji kwa watu wa maji, ya bahari kwa wa bahari. Safari hii simu zikaanza kuita.

Siku yenyewe kila mmoja alipewa dakika 15, na maswali yakala muda mrefu zaidi ya mada. Nitaeleza moja. Kijana wa uzamili anatafiti namna ya kuchuja madini ya floraidi yaliyozidi kwenye maji ya kunywa, kwa mkaa wa mifupa ya wanyama. Wenzetu wa Arusha wanalijua tatizo hili kwa macho: meno yenye rangi ya chai, na kwa walioathirika zaidi, mifupa kupinda. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita; nchi yetu kwa miaka mingi ilivumilia hadi 4, kwa sababu maji mengine hayakuwapo. Grafu zake zilikuwa safi na ukumbi ukapiga makofi.

Akasimama mhandisi mstaafu aliyefanya kazi vijiji vya chini ya Mlima Meru. “Mwanangu, hiyo mifupa ni ya mnyama gani?” Kijana akajibu kwamba kwa uchujaji haina tofauti kubwa. Mzee akasema, “Kwako haina. Kijijini ndilo swali la kwanza, na ukikosa jibu hawayanywi hayo maji, hata yawe safi namna gani.” Hakuna mwalimu aliyekuwa amemuuliza hivyo. Nimeambiwa swali hilo sasa limo kwenye dodoso lake.

Kwenye mada ya mwani wa Zanzibar ilikuwa vivyo hivyo. Maji ya kina kifupi yanapata joto, aina yenye bei nzuri inakufa, na ushauri ni kulima kwenye kina kirefu. Mwanachama wetu mmoja akauliza akina mama wanaoulima watafundishwa kuogelea na nani. Msimamizi wa tasnifu naye akachukua kalamu.

Kasoro zilikuwapo. Wa Mbeya na Mwanza waliupata mwaliko wakati tayari wameshapanga safari nyingine, na chakula kiliisha kabla wa foleni ya nyuma hawajafika (mwenyekiti wenu akiwemo). Mazungumzo yalihamia kwenye vimbweta, zile meza na benchi za zege za wanafunzi, hadi giza likaingia.

Kamati inaomba ridhaa yenu mwaliko ujao utoke miezi mitatu kabla, tena usiwe na ombi la fedha. Mchango uombwe siku nyingine. Ili tujue nani aalikwe kusikiliza nini, katibu ana daftari pale mlangoni: jina, mwaka wa kuhitimu, mkoa, kazi uliyofanya kwa muda mrefu zaidi. Safu ya mwisho inauliza unajua nini hasa. Tafadhali msiandike “mengi”.