Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Uzi Ubaki Mikononi mwa Mtoto

Ndugu wanachama,

Nawashukuru kwa kufika, hasa nyinyi mliovuka na pantoni kutoka Kigamboni asubuhi hii. Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Hatudaiwi na mtu, na waliosafiri nje walijilipia nauli wenyewe kama tulivyokubaliana. Mimi naomba tuongelee kazi yenyewe.

Tumeendelea kwenda shule za msingi za Temeke, Mbagala na Mwananyamala, tukisimulia hadithi na kufundisha maumbo ya uzi, yaani mchezo wa kupitisha kitanzi cha uzi vidoleni mpaka kitoe umbo. Kazi ilinoga zaidi pale tulipotandika mkeka, watoto wakawa wachache, na kila mmoja akapewa uzi wake. Uzi wenyewe tunanunua Kariakoo: wa pamba, uliosokotwa, mita mbili hivi, ncha zikafungwa pamoja. Katani inakwaruza vidole vya wadogo, na nailoni inateleza hadi umbo linavunjika kabla halijaonekana. Narudia pia agizo la kamati: hatufundishi umbo lolote la kuzungusha uzi shingoni, hata mtoto aombe vipi.

Kuna ziara ya wodi ya watoto ambayo nataka muisikie. Alikuwepo binti ambaye, kwa maelezo ya wauguzi, alikuwa haongei na mtu. Mkono wake mmoja ulikuwa na dripu. Mjumbe wetu hakumuuliza jina wala ugonjwa. Alikaa kando ya kitanda, akatumia mkono wake mmoja na mkono mzima wa yule binti kama mikono ya mtu mmoja. Uzi ukapita nyuma ya kidole gumba na kidole cha mwisho, huku na huku. Kisha kidole cha shahada cha mjumbe kikachota uzi unaokatiza kiganja cha binti, na cha binti kikachota wa mjumbe. Wakaendelea taratibu, mmoja akimsubiri mwenzake, mpaka yakatokea maumbo manne ya almasi katikati yao. Mjumbe aliposema "Paukwa!", binti akajibu "Pakawa!" Hadithi ya Sungura na Fisi ikaanzia hapo. Tulipoondoka tulimwachia uzi.

Waliokwenda Japani walikuta watoto wanaujua mchezo huu vizuri kwa jina la ayatori, nao wakafundishwa zaidi ya walivyofundisha. Waliofika kwa Wanavajo, wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa Marekani, walifika wakati wa joto. Kule maumbo ya uzi huchezwa majira ya baridi tu, buibui wakiwa wamejificha, kwa sababu watu wanaamini walifundishwa na Mwanamke Buibui wa masimulizi yao ya kale. Wenzetu walitia nyuzi mfukoni, wakasimulia hadithi za kwetu. Nawapongeza sana kwa hilo. Wengi wetu tulikatazwa na bibi zetu kusimulia hadithi mchana, kwa hiyo tunajua maana ya kuheshimu wakati wa jambo.

Kuna mzazi aliyeniuliza kama hatuwaletei watoto mchezo wa kizungu. Jibu lipo kwenye maandishi. W. A. Cunnington alikuja Ziwa Tanganyika mwaka 1904 kuchunguza viumbe wa majini, na mwaka 1906 akachapisha maumbo ya uzi aliyoyakuta Afrika ya Kati. Louis Leakey, yule mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale kule Olduvai, alijifunza maumbo kwa mwanaanthropolojia A. C. Haddon huko Cambridge, Uingereza, akayatumia kupata urafiki wa watu katika safari zake za Afrika. Wazee wenye maumbo yao bado tunao mitaani. Ninaomba kila mwanachama awaulize wa nyumbani kwake kabla ya kutafuta ya mbali.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua. Mwaka huu tulialikwa kwenye tamasha lenye jukwaa na vipaza sauti. Watoto walikuwa wengi mno, na walioona uzi ni wa mistari ya mbele tu. Wa nyuma waliona mtu mzima anapunga mikono. Hadithi walisikia, ndiyo, lakini hakuna aliyeondoka na kitu vidoleni. Najua mialiko ya namna hii inatupa jina na wakati mwingine posho, na baadhi yenu mnaona tukiikataa tutasahaulika. Mimi naona tutasahaulika zaidi tukiikubali. Umbo la uzi halioneshwi kwa umati. Mtoto analipata akiwa karibu kiasi cha kushikwa kidole na kuelekezwa kinapopita.

Kwa hiyo kamati inapendekeza kwamba mwaka ujao tuache majukwaa, tupunguze idadi ya shule, na kila shule tuirudie hadi watoto wenyewe waweze kufundishana. Tutapiga kura baada ya taarifa ya mhazini. Anayepinga asimame aseme sababu zake, naye tumsikilize hadi mwisho.

Mwenyekiti
Dar es Salaam