Kwa vijana wangu mnaopeleka wageni kisiwani Maziwe

Assalaam alaykum, wanangu wa Ushongo na Pangani.

Kila asubuhi nawaona mkipandisha wageni mashuani, na moyo wangu unafurahi. Bahari ni yenu, kuleni riziki yake. Lakini nina neno.

Maziwe niliyoijua mimi ilikuwa na mivinje. Tulikuwa tukifunga ngalawa, tunalala kivulini hadi upepo ugeuke. Ilitangazwa hifadhi mwaka 1975, na hata hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ikawa imekwisha. Leo maji yakijaa, fungu lote linazama. Kasa akitaga pale, mayai yanaoza, ndiyo maana yanaletwa huku Ushongo. Nimekaa na wanaoyahamisha. Yai linatolewa moja moja, halipinduliwi, upande wa juu unabaki juu, linalazwa kwenye ndoo yenye mchanga. Baada ya kama miezi miwili vitoto vinafukuka, na mgeni analipa avione vikikimbilia maji.

Zamani mayai hayo nani aliyekuwa akiyala? Sisi. Nami nimeyala. Yalipona siku mvuvi aliyeona alama za kasa mchangani alipoanza kusikilizwa na kupewa chochote.

Sasa mtazameni mama anayechokoa pweza mwambani. Mgeni analipa ada ya hifadhi, mwenye boti anapata chake, nanyi waongozaji mnapata chenu. Yeye hapati, wala haulizwi. Kesho mtamwambia asikanyage mwamba kwa kuwa wageni wanazamia pale. Kwa idhini ya nani? Na baruti ya kuulia samaki ikilia usiku, boti ya doria iko mbali. Anayejua aliyeilipua ni kijana wa nyumba ipi ni mama huyo. Mkimweka nje ya mambo yenu, atanyamaza, na matumbawe mnayowaonyesha wageni yatageuka kifusi.

Kwa hiyo nawaomba. Mkutano mkuu wa kijiji sheria inautaka kila miezi mitatu. Someni pale mapato ya wageni, shilingi kwa shilingi, na matumizi yake. Wachokoa pweza waingie kwenye kamati ya BMU, kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi, wakiwa wajumbe wenye kauli, wasiwe wa kupika chai ya kikao. Bei ya safari na mahali pa kufunga mashua pasipo na matumbawe, amueni nao.

Mkutano ujao nitakuja na mkeka wangu nikae mbele. Nanyi njooni na daftari.

Mzee wenu,
Ushongo, Pangani